Kutunga kwa silika au kwa kanuni: ulinganisho kwa anayetaka kuchagua

Jumamosi moja mwezi uliopita walinijia watu wawili barazani kwangu hapa Ngamiani, mjini Tanga, kila mmoja na daftari lake, wala hawakuwa wamepanga kuja pamoja. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda anayekaa Makorora. Ana mianzo 11 ya hadithi na hana mwisho hata mmoja. Wa pili ni binti anayefundisha shule ya msingi upande wa Pongwe. Ana mashairi zaidi ya 40, mizani (hesabu ya silabi) imetimia, vina (silabi zinazofanana mwishoni mwa vipande) vimekaa, na ukiyasoma yote husikii sauti ya mtu.

Nilimuuliza kijana kama amewahi kuipanga hadithi kabla hajaiandika. Akatikisa kichwa.

"Mwalimu, kanuni zitaniua mimi. Mimi naandika linavyonijia."

Binti naye, nilipomuuliza anataka nimsaidie nini, akasema, "Naomba unifundishe bahari nyingine, mwalimu. Tarbia nimeshaizoea." Bahari ni aina ya shairi, na tarbia ni ile yenye mishororo, yaani mistari, 4 kila ubeti.

Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi. Kila mmoja alikuja kuomba aongezewe kile alicho nacho tele, na hivyo ndivyo tufanyavyo wengi wetu. Mwenye silika huitetea silika, mwenye kanuni huitetea kanuni, na kazi inabaki na ugonjwa wake ule ule. Ulinganisho huu nimewaandikia wao wawili, na yeyote mwingine anayejiuliza ashike njia ipi. Mahali ninapoegemea upande mmoja nitasema.

Tunalinganisha nini hasa

Kwa silika nakusudia kuandika bila kujua unakokwenda. Sentensi ya kwanza inaita ya pili, mhusika anafungua mdomo nawe unamsikiliza, neno unalikata kwa kuwa halikai hata kama huwezi kueleza kwa nini. Kwa kanuni nakusudia umbo lililokuwapo kabla yako: shairi la mizani 16 lenye vina vya kati na vya mwisho, utenzi wa mishororo 4 yenye mizani 8 kila mmoja, hadithi yenye mgogoro na kilele, mchezo wa redio ambao kila kipindi lazima kikatike pale msikilizaji anapotaka kujua zaidi.

Watu huziweka mbalimbali kama pepo za kaskazi na kusi. Mimi naona ni ndugu wa tumbo moja. Mtoto aliyekulia Tanga, akalala huku taarabu ya harusi ya jirani inapenya dirishani, amezizoea mizani 8 kabla hajajua kuhesabu hata vidole vyake. Akiwa mtu mzima akatunga wimbo ukakaa sawasawa, atasema umemjia tu. Umemjia kweli, lakini ulikuwa umeshakaa sikioni mwake miaka 20.

Na kanuni nazo zilitoka kwa watu. Aristotle alipoandika kwamba tamthilia iwe na mwanzo, kati na mwisho, tamthilia zenyewe zilikuwa zimeshachezwa Ugiriki kwa vizazi. Mrusi Vladimir Propp alichukua ngano 100 za kwao akazichambua, na mwaka 1928 akachapisha orodha ya matukio 31 yanayojirudia humo kwa mpangilio ule ule: mtu anaondoka nyumbani, mwingine anakatazwa jambo, katazo linavunjwa, na kuendelea. Wasimulizi wa ngano zile hawakuwa na orodha yoyote. Walikuwa na masikio.

Mama yangu alikuwa hivyo. "Paukwa!" "Pakawa!" Mlango wa kuingilia haukubadilika hata usiku mmoja, na sungura alikwenda kisimani mara 3, kamwe si mara 2 wala 4. Ndani ya mara 3 hizo mama alifanya alivyotaka. Usiku ambao mdogo wangu alikuwa anatetemeka kwa homa, fisi wa hadithi hakumla mtu. Alitumbukia kisimani, akatoka anatetemeka, akabisha hodi kwa sungura kuomba blanketi. Sote mkekani tulijua fisi yule ni nani, na mgonjwa alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Kwa hiyo ukichagua, kumbuka unachagua kipi kitangulie na kipi kifuate. Hakuna mtu anayeandika kwa kimoja tu.

Kuanza

Hapa sina maneno mengi. Anza kwa silika. Ukianza na kanuni utachagua jambo linaloenea kwenye kanuni, na jambo linalokunyima usingizi utaliacha nje kwa sababu halina kilele. Nimeona vijana wakianza na jedwali la wahusika, umri, kazi, udhaifu, siri, na mwisho wake wanapata watu waliojazwa kama fomu ya benki.

Kazi ya kuagizwa ni shauri jingine. Ukiambiwa utunge shairi la mahafali, na mahafali ni kesho, shika tarbia na umshukuru aliyeibuni.

Ukurasa mmoja, mara mbili

Miaka 6 iliyopita nilikuwa na hadithi kichwani: mwanamke anarudi Tanga kutoka Dar es Salaam kwa sababu kaka zake wanataka kuiuza nyumba ya marehemu baba yao. Ukurasa wa kwanza niliuandika mara mbili, kwa njia mbili. Nauweka hapa mwanzo wa kila mmoja, kwa sababu ulinganisho wa maneno matupu haumsaidii mtu.

Huu ni wa kanuni:

"Simu iliita saa kumi alfajiri. 'Mnunuzi anakuja Ijumaa,' kaka alisema. 'Ukitaka chochote humo ndani, njoo ukichukue.' Ilikuwa Jumanne. Alitia nguo mbili begini. Katika nyumba ile kulikuwa na kitu kimoja tu alichokitaka, na kaka zake hawakukijua."

Na huu ni wa silika:

"Ufunguo ulikuwa ule ule, wenye uzi mwekundu. Alisukuma, mlango ukagoma, akakumbuka kwamba mlango huu huinuliwa kwanza ndipo usukumwe. Baba aliwafundisha wote watano, mmoja mmoja, kwa kuwashika kiwiko. Aliuinua. Ndani palinuka mafuta ya taa na ndimu. Alisimama kizingitini na begi mkononi, asijue mtu huingiaje katika nyumba isiyo na wa kuitikia hodi."

Ukurasa wa kwanza unafanya kazi kama fundi mwenye haraka. Una siku, una mwisho wa muda, una siri, na vyote vimetiwa kabla hujakaa vizuri kitini. Wa pili hauna saa inayokimbia. Una kiwiko kilichoshikwa.

Niliwasomea watu 9 barazani, kurasa zote mbili. Nilipouliza ipi niendelee nayo, wengi walisema ya kwanza, wanataka kujua hicho kitu ni nini. Wiki iliyofuata nikawauliza wanakumbuka nini. Wakasema mlango unaoinuliwa. Hakuna aliyekumbuka mnunuzi anakuja lini.

Nikaendelea na zote mbili, maana nilikuwa na muda siku zile. Ya silika ilifika ukurasa wa 14 ikafa. Mwanamke alipita chumba kwa chumba akinusa vitu, vyumba vikaisha, nami sikuwa na kingine cha kumfanyisha. Ya kanuni ilifika ukurasa wa 60 na ikamalizika salama. Ile siri ilikuwa barua ya baba, imefichwa chini ya sanduku. Nilimpa dada yangu asome. Alipofika ukurasa wa 10 aliinua macho akasema, "Ni barua, siyo?" Hakuwa na ubaya wowote. Mimi ile "siyo?" ilinikaa moyoni wiki nzima.

Nilichofanya baadaye ndicho kilichonifundisha zaidi ya kitabu chochote. Nilichukua Jumanne na Ijumaa kutoka ukurasa wa kanuni, nikachukua mlango kutoka ukurasa wa silika, barua nikaitupa. Kanuni ilikuwa imeniuliza swali zuri sana: huyu mwanamke anataka kitu gani humo ndani? Kosa langu lilikuwa kuiacha kanuni ijijibu yenyewe, kwa maana kanuni ikijijibu hutoa barua, hutoa wosia, hutoa mtoto wa nje. Jibu lilikuwa limeshaandikwa na silika kwenye sentensi ya pili. Alichokitaka ni ule mlango. Siku ya Ijumaa anaung'oa bawaba na kuondoka nao juu ya lori, na kaka zake wanabaki na nyumba iliyo wazi mbele ya mnunuzi. Hata mimi sikuwa nimeliona hilo mpaka swali lilipokutana na kiwiko.

Kumaliza

Hapa kanuni inashinda, na naisemea kwa nguvu kwa sababu niliokolewa nayo. Niliwahi kuandika mchezo wa redio wa vipindi 26, dakika 15 kila kimoja. Umbo lilikuwa lile lile kila wiki: kumbusho fupi la yaliyopita, tukio, jambo linaharibika, kata. Kufikia kipindi cha 9 sikuwa na hisia yoyote iliyobaki. Nilikuwa nimechoka na wale wahusika kama unavyochoka na wageni wa siku 40. Ningeandika kwa silika ningeacha pale pale. Lakini umbo liliniambia: leo jambo gani linaharibika? Swali dogo, la kazi, lisilosubiri moyo upende. Nikajibu, nikaandika, nikalala. Vipindi viwili kati ya vile nilivyovipenda kuliko vyote niliviandika katika wiki za ukavu namna hiyo.

Na kanuni ya redio ilinikosoa mahali ambapo silika yangu ilikuwa imekosea chombo. Niliandika kipindi ambacho bibi mmoja anapewa habari ya msiba, naye ananyamaza. Kwenye karatasi ulikuwa ukimya mzito. Mhariri akanirudishia, ameandika pembeni kwamba kimya hakisikiki redioni. Nilikasirika. Kisha nikakaa nikafikiri ni wakati gani kimya husikika, nikakumbuka kinu. Bibi sasa anatwanga tangu kipindi kinaanza, twa, twa, twa, chini ya mazungumzo ya watu wote, na habari inapomfikia mchi unasimama. Kimya kilichofuata kilisikika mpaka uani kwa majirani.

Kuna wanaodhani kanuni ni ya wenye haraka na silika ni ya wenye subira. Sikubaliani nao. Mmarekani Lester Dent aliyeandikia majarida ya bei rahisi alikuwa na kanuni yake ya hadithi ya maneno 6,000: sehemu 4, maneno 1,500 kila sehemu, na kila sehemu inamtia shujaa katika shida mpya. Aliandika kwa wingi wa kutisha. Lakini Mbelgiji Georges Simenon alianza riwaya zake na majina ya watu yaliyoandikwa nyuma ya bahasha, hakujua mwisho wake, na bado riwaya alizozitoa kwa jina lake mwenyewe zinakaribia 200. Ukimtazama kwa karibu utaona kwamba aliandika sura moja kila siku, bila kuruka, mpaka imalizike. Hadithi aliiachia silika. Siku zake hakuziachia. Kwa kijana wangu wa bodaboda, anayeandika usiku wowote akipata nafasi, huenda kanuni anayoihitaji kwanza ni saa ya ukutani.

Kina kilichonipa chumvi

Nikubaliwe nikae kidogo kwenye ushairi, maana Tanga bila shairi ni kikombe bila chai.

Wengi husema vina na mizani huifunga pumzi. Mara nyingine ni kweli. Katika mashairi 40 ya binti yule nilihesabu neno "jamani" mwishoni mwa kipande mara 17. Hakuwa anamwita mtu. Alikuwa anatafuta "ni". Kina kikikulazimisha kutia neno lisilo na kazi, hapo kanuni imekula shairi, na msomaji husikia shimo hata kama masikio yake hayajasomea.

Lakini tazama hili lililonitokea mimi. Nilikuwa natunga shairi la mama anayemsubiri mwanawe mvuvi wakati wa kusi. Mshororo wa tatu ulinijia hivi: "Kanga yake mabegani, imelowana na chumvi." Mizani 8 na 8. Niliupenda, lakini kina cha mwisho kilikuwa "na", na "chumvi" haikukubali. Nilizunguka nayo siku mbili, sokoni, jikoni, nikigeuza maneno. Ndipo ubeti ukakaa hivi:

Mama yupo ufukoni, angojea tangu jana,
Macho yake baharini, jahazi hajaliona,
Kanga yake mabegani, chumvi imeshikamana,
Kusi, tulia njiani, mrudishe wangu mwana.

Kanga iliyolowana na chumvi ni kanga ya mtu aliyefika sasa hivi, wimbi likampiga. Chumvi iliyoshikamana ni kanga iliyolowa, ikakauka, ikalowa tena, ikakauka tena. Yule mama amelala pale. Silika yangu ilikuwa imetosheka na maji. Kina ndicho kilichonilazimisha nirudi ufukoni nikatazame vizuri, nikaona usiku mzima ambao sikuwa nimeuona. Tangu siku hiyo nikikwama kwenye kina sikimbilii kutia neno lolote. Nakaa, kwa sababu mara nyingi mahali penye kikwazo ndipo nilipokuwa sijaangalia.

Tofauti kati ya "jamani" na "imeshikamana" haimo kwenye kanuni. Ni kanuni ile ile, kina kile kile cha kutafuta. Ni siku mbili za kukataa jibu la kwanza.

Ugomvi wa zamani, na mtu wa Machui

Jambo hili limewagombanisha wakubwa wetu. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu kinachoweka wazi sheria za kutunga mashairi, na wengi wakakishika kama msahafu wa fani. Miaka 20 baadaye, mwaka 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo, yaani watetezi wa umbo la jadi, wakasema hayo si mashairi. Mabishano yakaendelea miaka mingi. Naheshimu pande zote mbili, ila nadhani lililokuwa na uzito kuliko yote halikusemwa vya kutosha: waliovunja umbo walikuwa wamelisoma, na waliolilinda walikuwa na masikio makali kuliko walivyojisifia. Anayevunja asichokijua havunji chochote.

Mimi nikitaka mfano sitoki mkoani. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 Vibambani, Machui, jirani kabisa na mji wetu, akafariki mwaka 1962. Alikuwa karani wa serikali, mtu wa makaratasi na saa za kazi. Utenzi wake wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945 una beti zipatazo 3,000, yaani mishororo kama 12,000, na kina cha mwisho cha kila ubeti ni kilekile toka wa kwanza mpaka wa mwisho. Nidhamu hiyo mtu akiijaribu kwa beti 30 tu atajua nazungumza nini. Mtu huyo huyo akaandika insha, akaandika habari za maisha yake mwenyewe, akaandika hadithi za nchi ambazo hazimo kwenye ramani yoyote, kwa nathari isiyo na kina cha kuegemea. Sioni kwamba alikuwa mtu wa kanuni asubuhi na mtu wa silika jioni. Naona aliiuliza kila kazi inataka nini.

Basi uchague ipi

Kwa aina ya kazi, nitasema haraka. Wimbo wa taarabu, utenzi, shairi la kughaniwa: kanuni itangulie, kwa sababu mwimbaji anahitaji mahali pa kuvuta pumzi, na hadhira inahitaji kujua lini iitikie. Mchezo wa redio na hadithi ya mfululizo: kanuni pia. Hadithi fupi, barua, kumbukumbu za wazee wako: silika, na usiziguse kwa jedwali mpaka rasimu ya kwanza iwe imelala angalau wiki mbili. Riwaya ni ndefu mno kwa njia moja. Ianze kwa silika, na siku itakapokufia, ambayo kwangu huwa kati ya ukurasa wa 14 na wa 20, mwite kanuni kama unavyomwita daktari: aulize maswali, aseme nini kinakosekana, kisha aondoke.

Lakini kipimo ninachokiamini zaidi ni daftari lako lenyewe. Lifungue. Ukikuta mianzo mingi na hakuna mwisho, wewe silika unayo ya kutosha, hata ya kugawia jirani. Nenda kajifunze kanuni, hata kama inakuchukiza, tena hasa kwa kuwa inakuchukiza. Ukikuta kazi nyingi zilizokamilika na hakuna mtu aliyewahi kukurudishia mstari wako mmoja kwa kichwa, kanuni unayo, wala bahari ya kumi haitakusaidia. Acha kuhesabu kwa muda.

Kijana nilimpa kazi hii. Achague mwanzo mmoja kati ya 11, aandike sentensi ya mwisho ya hadithi leo leo, kisha aweke sentensi 5 kati ya mwanzo na mwisho huo, na kila moja aiunganishe na iliyotangulia kwa "kwa hiyo" au "lakini". "Halafu" nimemkataza. Hadithi iliyounganishwa kwa "halafu" ni orodha ya safari; huweza kuendelea mpaka Horohoro bila sababu ya kusimama. Alininung'unikia. Nikamwambia mwisho ule si kiapo, anaweza kuubadilisha akifika, ila lazima awe na mahali anapoelekea.

Binti nilimwambia asitunge shairi mwezi mzima. Amwandikie barua marehemu bibi yake aliyemlea, habari za nyumbani tu, bila vina, bila kuhesabu, na asinioneshe mpaka amalize. Alinitazama kama nimemnyang'anya kitu.

Kijana alirudi Jumamosi iliyopita na sentensi zake 5. Zote ameziunganisha kwa "lakini", na tayari mwisho ameubadilisha mara mbili. Yuko ukurasa wa 19. Hajasema kama kanuni zinamuua.

Binti alikuja baada yake, akaamkia, akakaa pembeni, akanisomea barua. Ilikuwa kurasa 3, habari za mbuzi aliyezaa, paa linalovuja, mtoto wa jirani aliyefaulu. Katikati ya ukurasa wa pili akasoma, bila kupandisha sauti, "Bibi, jembe lako lipo, hakuna wa kulishika," akapita akaendelea na habari za paa. Nilimwomba arudi nyuma asome tena. Akasoma. Vidole vyangu vilikuwa vinahesabu vyenyewe juu ya goti, nane, kisha nane. Yeye hakuwa amehesabu.